Wanagombania Jina la Mtoto

Jumapili, 9 Desemba 1973

Nimechukua daftari la vipimo vya wateja, nimeligeuza, naandika kutoka nyuma. Mbele kuna vifua na viuno vya wanawake wa kambi nzima hii ya wafanyakazi. Huku nyuma itakaa hasira yangu. Hakuna atakayefungua. Donat mwenyewe hajui hata naweka vifungo wapi.

Masista walitufundisha kuandika Kiswahili safi. Leo nitajaribu. Hasira haina usafi.

Baada ya misa Donat amerudi na bahasha. Ameiweka mezani, amevua kofia, amekaa. Nikajua kuna jambo – huyu bwana wangu akileta habari mbaya huvua kofia kwanza. Faustin amepata nafasi petit séminaire, shule ya watoto watakaokuwa mapadri, kule upande wa Kamina. Mtoto mmoja ameacha shule, kitanda kimebaki wazi. Aende Januari, treni ya tarehe saba.

Nani aliomba hiyo nafasi? Mimi, akasema. Tangu lini? Tangu mwaka wa sitini na saba.

Sitini na saba ni mwaka wa surua. Faustin hakuwa ametimiza miaka mitano. Macho yaliziba, midomo ilipasuka, na daktari alishatuambia tujitayarishe. Mimi nilikuwa namfuta mwili na kitambaa cha maji. Donat akatoka. Nilidhani ameenda kulia pembeni, wanaume hufanya hivyo. Kumbe alikwenda kanisani kupiga magoti na kumwambia Mungu: ukimwacha mtoto wangu, nitakupa yeye, awe padri wako. Miaka sita! Miaka sita amelala kitanda kimoja na mimi na hilo neno limo kinywani mwake.

"Feza," anasema, "ni ahadi, njo ahadi. Abrahamu alitoa Isaka. Mi niko nani ya kukatala?"

Nikamwambia: weye uko Donat, fundi wa atelier, wa karakana, mwenye kuogopa hata kukata kuku. Paka vile, hivyo tu. Kisha nimeingia chumbani, na sijatoka kula.

Jumatatu, 10 Desemba

Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi ya pili. Orodha ya vitu. Mashuka mawili, mashati manne, kaptura tatu, taulo, blanketi, soksi, na kadhalika. Chini wameandika: kila kitu kishonwe namba ya mwanafunzi, kwa uzi mwekundu, tarakimu zionekane. Namba ya Faustin ni 47.

Kwa hiyo mimi ndiye nimtie alama. Mikono hii hii. Donat ameweka karatasi juu ya mashine yangu ya kushona, taratibu, kana kwamba ni mteja ameleta kitambaa.

Jina pia si lake. Wameandika Kapya, jina la babu yake Donat, kwa sababu sasa majina ya ubatizo ni marufuku katika nchi hii, hata seminari inaogopa. Kapya, namba 47. Yule niliyemzaa anaitwa Faustin, na ana kovu la surua chini ya sikio.

Sijashona kitu. Mdogo wake, Amida, amekohoa mchana kutwa. Mvua hii. Nimempaka mafuta ya moto kifuani, akalala.

Jumatano, 12 Desemba

Nimekwenda Kamalondo kwa baba. Kwa miguu, ili hasira ipungue njiani. Haikupungua.

Baba yangu Alimasi ni mtu wa Kasongo, mshonaji wa kanzu na kofia. Ndiye alinifundisha sindano. Nilipoolewa na Mkatoliki alifunga mlango, hatukusema neno miaka sita. Alifungua wakati wa hiyo surua. Alikuja na maji aliyoyasomea, akakaa na mtoto hadi homa ikashuka. Basi nilijua: leo mzee huyu atanipigania. Atasimama mbele ya hao mapadri na fimbo yake.

Nimemweleza yote. Amesikiliza, huku anapitisha uzi. Halafu akasema nadhiri haivunjwi. Mtu akimwahidi Mungu, atoe.

Nilidhani sikusikia vizuri.

Akaendelea: nadhiri ya Donat ni ya kweli, lakini imepelekwa kwa anwani mbaya. Mungu aliyemponya mtoto ni yule aliyeombwa kwa maji yale, si yule wa sanamu. Kwa hiyo mtoto alipwe pale alipoponea. Apelekwe Kasongo kwa ndugu yake baba, mwalimu wa chuo, asome Kurani mpaka aimalize. "Nabii Ibrahima alitoa Ismaila," anasema. "Mi nitakusaidia kumutoa mutoto vile inafaa."

Nimekuja kutafuta msaada, na nimepata mtu wa pili anayetaka kumchukua! Mmoja na treni, mwingine na lori.

Nikamuuliza: baba, na mimi? Akasema mimi nishukuru Mungu, wanawake wengi hawana cha kutoa. Nimeondoka bila kunywa chai. Amenifuata hadi barabarani na mkate wa watoto. Nimeupokea, ndiyo. Mkate haukunikosea.

Jumamosi, 15 Desemba

Leo ilikuwa zamu ya Abbé Stanislas, padri wa parokia yetu. Kwenye karatasi naye ana jina jipya, lakini kambi yote inamwita Stanislas tu, kwa sauti ya chini.

Hakunifukuza. Amenipa kiti. Amesema Abrahamu ni baba wa imani, aliamini kwamba hata mtoto akifa Mungu anaweza kumfufua. Amesema Isaka alibeba kuni mgongoni kama vile Yesu alibeba msalaba. Nikamwambia: mon père, yote hiyo nimesikia, mutoto alikuwa anajua anabebea nani kuni?

 Akasema hapana. Aliuliza kondoo iko wapi, na baba yake akamwambia Mungu ataona.

Bongo, uongo, nikasema. Baba alimdanganya. Abbé hakukasirika. Mtu akikosa kukasirika mbele yangu ndipo mimi nachemka zaidi.

Lakini ametoa neno moja. Ahadi ya Donat inamfunga Donat, haimfungi mtoto. Kanisa linaweza kumfungulia mtu ahadi yake, inawezekana kabisa, lakini lazima aliyeahidi aje kuomba mwenyewe. Mke hawezi kuomba kwa ajili ya bwana.

Nimekimbia nyumbani karibu kuanguka. Nimemwambia Donat: nenda, ni neno moja tu, uombe. Akavua kofia.

"Nitaenda kumuambia Mungu nini? Kama mutoto alishapona, njo sasa nageuka?"

Na machozi machoni. Ningependa awe mtu mbaya. Ingekuwa rahisi.

Jumanne, 18 Desemba

Nilipeleka mapazia mjini kwa Madame Estreya, yule Muyuda, Myahudi, wa duka la vitambaa. Miaka tisa namshonea wateja wake. Sasa duka si lake tena. Tangu tangazo la mwisho wa Novemba, maduka ya wageni yanapewa wazalendo. Bwana mmoja mwenye koti la kola kubwa amekuja kuhesabu marobota. Madame anafunga vyombo vyake kwenye masanduku ya chai. Alikuja hapa akiwa mtoto wa miaka sita, kutoka kisiwa kinaitwa Rodo. Kiswahili chake ni cha dukani, cha haraka, kama chetu.

Aliniona uso. "Feza, nani alikufwa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa bado. Nikamweleza. Na kwa kuwa nilikuwa na hasira na dunia nzima nikamuuliza, karibu kwa ubaya: na nyie Bayuda, kitabu iko yenu ya kwanza, munasema ni mutoto gani?

Isaka, akasema. Lakini sisi hatusemi sadaka. Tunasema kufungwa. Ule mutoto alifungwa kamba, njo basi, hatukumuchinja. Kila mwaka mpya wao wanaisoma hadithi hiyo na kupiga pembe ya kondoo katika sinagogi. Na wanawake wa kisiwa chao, mama yake na bibi yake, walikuwa wakisema ile sauti ya pembe inayokatika-katika ni kilio cha Sara. Kwa sababu Sara alisikia. Mtu alimletea habari kwamba mzee amempandisha mtoto mlimani na kisu, na kabla habari haijaisha, akafa. Angalia kitabu, anasema: hadithi ya mlima ikiisha, jambo linalofuata ni kaburi la mama.

Nilikaa juu ya robota.

Akasema tena: na wakati wa kushuka, kitabu kinamtaja baba peke yake. Mtoto hatajwi. Wala hakuna mahali tena wale wawili wanazungumza.

Nikamuuliza habari ya kondoo. Hapo alikunja karatasi muda mrefu. Dada zake wawili walibaki kule kisiwani, wakati wa vita wakachukuliwa pamoja na Wayahudi wote wa Rodo kwenda kuuawa, na hawakurudi. "Juu ya kondoo usiniulize," akasema.

Amenipa kipande cha satini nyeupe. Nilikataa, akakitia kwenye kikapu changu kwa nguvu. Machi atakuwa Ubelgiji. Amenishika shavu na kusema: weye usikufwe, Feza. Pigana.

Jumanne, 25 Desemba

Noeli. Nimepika kuku. Donat aliomba sala, mimi niliangalia sahani. Amida hakula, kikohozi.

Nimeshona mashati mawili. Namba 47 mara mbili. Halafu nimefumua moja.

Ijumaa, 28 Desemba

Nimefumua la pili pia. Donat ameona nyuzi nyekundu sakafuni.  Alizifagia mwenyewe.

Alhamisi, 3 Januari 1974

Idi ya kuchinja. Na leo naandika yote, hata nikimaliza karatasi.

Kila mwaka, baada ya swala, baba anachinja nyumbani kwake Kamalondo, na mguu wa nyuma unakwenda kwa Donat. Ilianza mwaka wa surua. Mkwe Mkatoliki anakuja amevaa shati la Jumapili, anapokea mguu kwa mikono miwili, anasema "Idi mubarak, baba," na wote wanacheka kidogo kwa matamshi yake. Ni desturi yetu. Siku moja katika mwaka ambayo nyumba zangu mbili ni nyumba moja.

Safari hii baba aliushika mguu, hakuutoa. Akasema: pokea, na ujue, hii ni kumbukumbu ya Ismaila.

Donat mikono yake iko mbele tayari. Mtu mwenye akili angesema aksanti. Yeye akasema: "Ya Isaka, baba. Mu Biblia banasema Isaka, mwana wa pekee."

Wa pekee! Baba aliuweka mguu juu ya meza. "Wa pekee siku gani? Ismaila alimutangulia miaka kumi na tatu. Isaka alizaliwa na kaka mu nyumba. Mwana wa pekee ni yule aliyekuwa peke yake, na peke yake alikuwa Ismaila. Hesabu."

Donat akasema Ismaila alikuwa mwana wa mtumishi.

Hapo majirani waliacha kutafuna. Baba alisimama. "Unamuita mama yetu Hajara mutumishi? Mu kiwanja yangu, siku ya Idi?" Donat naye akasimama, kwa aibu, kwa sababu hakukusudia, lakini kurudi nyuma hawezi mbele ya watu. Basi wakaanza. Isaka! Ismaila! Mlima huu! Mlima ule! Vidole juu. Na watoto wangu wawili wamekaa kwenye mkeka katikati, Faustin na mfupa mkononi, anageuza kichwa huku na huku.

Na mimi nimesimama na beseni la wali, nikaona kitu ambacho sikukiona majuma yote haya. Wanagombania jina la mtoto. Kwenye kisu wamekubaliana. Tangu mwanzo wamekubaliana! Hakuna hata mmoja pale aliyesema: jamani, tuondoe kwanza kisu, halafu tutauliza ni nani aliyelala chini yake.

Nikaweka beseni chini. Nikamwambia baba asome. Kitabu chake anakijua kwa moyo, na maana yake pia. Akasoma, sauti nzuri, kila mtu alitulia. Ibrahima anamwambia mwanawe: nimeota ninakuchinja, basi tazama, waonaje? Na mtoto anajibu: baba, fanya unavyoamriwa.

"Jina iko wapi?" nikauliza.

Baba alifungua mdomo. Akasema wanazuoni wanajua, inaeleweka, habari ya Isihaka inakuja baadaye. Nikarudia: mu aya hii, jina iko wapi? Akasema, si mahali pa mwanamke kuuliza vile mbele ya bantu. Kwa hiyo haimo.

Nikamgeukia Donat kabla hajatabasamu. "Na weye, mu kitabu yako, mutoto alilombwa? Walimuuliza?" Hapana, akasema. Hakuulizwa.

Basi mama yake alikuwa wapi?

 Baba akapata jibu kwanza: Hajara aliambiwa na shetani, na yeye akampiga shetani mawe, akasema kama ni amri ya Mungu, iwe. Mwanamke wa imani. Donat akasema katika Biblia Sara hatajwi siku ile. Nikawaambia: Bayuda wanasema alikufa. Alisikia na akafa palepale.

"Nani alikuambia?"

Madame Estreya.

Wakaangaliana, hao wawili waliokuwa karibu kupigana. Na wakacheka! Baba yangu na bwana wangu, pamoja, kile kicheko cha wanaume. Mafumbo ya Bayuda, akasema baba. Mambo ya wanawake dukani, akasema Donat. Na mguu wa nyuma ukatolewa, ukapokelewa kwa mikono miwili. Idi mubarak.

Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikaosha masufuria ambayo yalikuwa yamekwisha oshwa.

Ijumaa, 4 Januari

Nimeamka na wazo. Kitabu cha baba kinasema mtoto aliulizwa. Waonaje? Ni neno la Mungu mwenyewe, kwa hiyo baba hawezi kukataa. Abbé naye amesema mtoto hafungwi. Basi Faustin aulizwe. Na nani anayemjua mtoto huyu kuliko mimi? Hapendi kulala mbali. Mwaka jana, safari ya shule kwenda Karavia, kuogelea siku moja tu, alirudi na homa ya kututamani. Atasema hapana. Atasema hapana, nami nitawarushia hiyo hapana usoni, wote watatu.

Nimefanya kazi vizuri leo. Nimemaliza magauni mawili. Donat ameuliza kwa nini naimba.

Jumapili, 6 Januari

Sijui kama naweza kuandika hili.

Baada ya misa Donat alikwenda kuomba sanduku kwa ndugu yake. Amida amelala. Faustin alikuwa kizingitini anapaka viatu rangi, viatu vya safari, mate na kitambaa, kwa bidii. Nikakaa karibu yake. Nikamuuliza vizuri, polepole, kama unavyouliza mtu mzima: Faustin, unataka kwenda?

"Papa anasema nini?"

Nauliza weye.

Akaendelea kupaka. "Nikisema hapana, nitabaki?"

Utabaki.

"Kweli, mama?"

Kweli. Nitagombana na kila muntu.

Uso wake ulifunguka. Niliuona kwa macho yangu! Alikuwa anataka kubaki, meno yote yalionekana. Kiatu kikamwanguka. Nilikuwa tayari kumkumbatia.

Halafu akaokota kiatu. "Na kondoo?"

Kondoo gani?

"Ile yenye Mungu alikamata pa fasi ya mutoto." Anasema bila kuniangalia. Amesikia siku ya Idi. Babu na papa walibishana mambo yote, lakini kondoo iko kwa wote. Mungu hakurudi mikono mitupu. "Nikibaki, atakamata nani? Amida anakohoa."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia Mungu hafanyi vile. Nilisema haraka sana, kwa sauti ya juu sana.

"Lakini papa alimuahidia," akasema. "Na Mungu alikubali, njo mana nilipona. Mbele ya ile ahadi mutoto wa voisin, jirani yetu, alikufwa na surua ile ile." Akahesabu hivyo, taratibu, mtoto wa miaka kumi na moja. "Nitaenda, mama. Haiko kitu. Unishonee namba, juu wasinikatale kule."

Nani alimfundisha hesabu hiyo? Nilitaka kumpata huyo mtu nimkabe shingo. Nimetafuta kichwani: hakuna aliyemwambia. Tulizungumza tu, sisi wakubwa, mbele yake. Donat na ahadi yake, baba na nadhiri yake, Abbé na kuni zake. Na mimi. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya mkeka na kusema kwa sauti: msikie, mama alikufa! Na leo nimemuuliza, kama Ibrahima. Ibrahima naye aliuliza wakati kisu kiko tayari. Kumuuliza mtoto wakati ule ni kuuliza nini? Mtoto anayekupenda atajibu nini?

Nimekasirika na kitabu hiki na kile. Nimekasirika na mdomo wangu zaidi.

Nimeshona. Mashati manne, kaptura tatu, mashuka. 47, 47, 47. Amekaa karibu ananikatia uzi.

Jumatatu, 7 Januari

Treni ni saa nne. Sasa ni saa tatu kasoro kidogo. Mvua tangu alfajiri. Naandika nikiwa nimesimama, daftari juu ya mashine.

Asubuhi Donat alifunga sanduku nyuma ya baiskeli. Amevaa suruali ya Jumapili. Alikuwa na furaha ya mtu aliyekonda kwa ajili ya jambo na sasa linatimia. Nilimvuta ndani, nikafunga mlango. Nikamwambia neno kwa neno alichosema Faustin. Kondoo. Amida. Mtoto wa jirani. Sikuongeza kitu, sikutukana. Nilikuwa na matusi ya mwezi mzima na sikutumia hata moja.

Aliuliza: "Nani alimuambia vile?"

Weye, nikasema. Na Abbé. Na baba yangu. Na mi.

Alikaa kitandani. Akasema yeye hakutaka vile, alitaka kushukuru tu. Nikamwambia najua. Kweli najua. Nikamwambia parokia iko wazi, Abbé amekwisha sema, ni neno la mtu mmoja, dakika tano. Kisha tutaketi na mtoto, weye na mi, tumwambie Mungu amemwachilia, na hakuna wa kuchukuliwa mahali pake. Lakini lazima alisikie kinywani mwa baba. Kwangu hataamini tena.

"Na kama Amida akizidi?" akasema.

Donat alisema hivyo. Baba mtu, fundi wa atelier, ana miaka thelathini na minane. Na sauti yake ilikuwa ile ile ya Faustin kizingitini. Nilitaka kumpiga kofi. Sikumpiga.

Nimemwambia: Amida ana kikohozi cha mvua. Nitampeleka dispensaire leo hii, na utakuja na mi, au hutakuja. Nikafungua mlango.

Sasa wako nje chini ya paa. Donat amekaa juu ya kigogo karibu na baiskeli, kofia mkononi. Faustin amesimama karibu yake, viatu vinang'aa, kola imefungwa hadi juu. Kwenda stesheni unapita kushoto, kwa duka la mkate. Parokia iko kulia.  Faustin amemuuliza saa, Donat ameangalia saa yake, kisha njia.

Amida amekohoa huku ndani. Wote wawili wamegeuka kuangalia mlango, baba na mtoto, kwa mara moja, kwa woga ule ule mmoja.

Nimembeba Amida. Nimesimama naye mlangoni ili wamwone. Anakula mkate.

Donat amesimama, ameshika usukani wa baiskeli, ameugeuza kulia.